Historia: Yaliyotokea na Yanayosimuliwa

Neno historia hubeba mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni yale yaliyotokea: watu walioishi, vita walivyopigana, miji waliyoijenga, njaa iliyowakumba. La pili ni habari za hayo yaliyotokea, zikiwa zimesimuliwa au kuandikwa. Anayesema kwamba historia ya Kilwa ni ndefu anazungumzia karne nyingi za maisha ya kisiwa. Anayesema kwamba historia ya Kilwa imechapishwa upya anazungumzia kitabu. Neno halijabadilika hata herufi moja, lakini kinachotajwa ni kitu kingine kabisa. Yaliyotokea hayageuki tena; habari zake hugeuka kila anapojitokeza shahidi mpya, hati iliyokuwa imefichika, au msimulizi mwenye haja yake. Magomvi mengi juu ya historia, kuanzia ya ukoo mpaka ya mataifa, huzuka pale habari ya upande mmoja inapochukuliwa kuwa ndiyo tukio lenyewe.

Neno hili lilianzia kwa Wayunani wa kale, na kwao lilimaanisha uchunguzi, yaani kuuliza na kupeleleza jambo mpaka lijulikane. Herodotus, mzaliwa wa Halicarnassus, mji ambao leo ni Bodrum nchini Uturuki, alilitumia katika karne ya 5 kabla ya Kristo kuielezea kazi yake ya kukusanya habari za vita kati ya Wayunani na Waajemi. Aliwahoji makuhani wa Misri na watu wa nchi nyingine alizopita, akaandika waliyomwambia, na mara nyingine akaongeza kwamba yeye mwenyewe hayasadiki. Aristotle, aliyemfuata katika karne iliyofuata, alilitumia neno hilohilo kwa uchunguzi wake juu ya wanyama. Ndiyo maana mpaka leo, katika lugha za Ulaya, nyumba zinazoonyesha mifupa, mawe na ndege waliokaushwa huitwa makumbusho ya historia ya maumbile. Arusha ina makumbusho ya aina hiyo ndani ya boma la zamani la Wajerumani, na jina lake la Kiswahili linaeleweka vizuri zaidi: Makumbusho ya Elimu Viumbe.

Kabla historia haijaingia kutoka lugha za Ulaya, Kiswahili kilikuwa na maneno yake ya kazi hii. Tarehe ni mojawapo. Katika Kiarabu lilikotoka, neno moja hutaja siku ya mwezi na pia maandishi ya mambo yaliyopita kwa mpangilio wa miaka. Kiswahili cha leo kimebaki na maana ya siku ya mwezi, lakini waandishi wa zamani wa pwani walilijua kwa maana zote mbili. Habari lilikuwa neno jingine: wazee wa Lamu na Pate waliosimulia nasaba za watawala wao na vita vya miji yao waliita masimulizi hayo habari za Lamu na habari za Pate. Watafsiri wa Biblia, walipofika kwenye vitabu viwili vya kumbukumbu za wafalme wa Israeli, waliviita Mambo ya Nyakati. Na Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, alipoandika kwa Kiswahili safari zake na biashara yake ya pembe na watumwa, kitabu kilichochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kiliitwa kwa neno la kawaida kuliko yote, Maisha. Leo historia imeyafunika maneno hayo karibu yote, lakini kila moja lilikuwa na upande lililouangazia: tarehe ilisisitiza mpangilio wa miaka, habari ilikumbusha kwamba yupo aliyeileta, na maisha yalimweka mtu mwenyewe katikati.

Nje ya vitabu, neno historia lina kazi nyingi, na mahali linapofanya kazi nzito kuliko kwingine pengine ni hospitalini. Mgonjwa akiingia chumba cha daktari, kabla ya kipimo chochote huulizwa maswali. Nini kinamsumbua, kilianza lini, kilianzaje, kinazidi wakati gani. Amewahi kulazwa au kufanyiwa upasuaji? Ana presha au kisukari? Anatumia dawa gani, na ipo dawa inayomdhuru? Nyumbani kwao yupo mwenye selimundu, pumu au kifafa? Anafanya kazi gani, anavuta sigara? Majibu hayo yakiunganishwa ndiyo huitwa historia ya mgonjwa, na huelekeza vipimo vyote vinavyofuata. Kikohozi cha siku tatu na kikohozi cha wiki mbili husikika sawasawa masikioni, lakini cha wiki mbili humfanya mhudumu wa afya afikirie kifua kikuu na kuagiza makohozi yapimwe. Tofauti hiyo haionekani mwilini mwa mgonjwa. Imo katika maelezo yake.

Kadi ya kliniki ya mama mjamzito ni historia iliyowekwa kwenye karatasi. Huandikwa mimba ni ya ngapi, watoto wangapi walizaliwa hai, mimba ngapi ziliharibika, kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji, kama aliwahi kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mama mwenye kovu la upasuaji au aliyewahi kutokwa na damu nyingi hushauriwa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba, hata kama mimba ya sasa inaendelea vizuri. Hapa yaliyopita yanatumika kumlinda mtu na yajayo, na akificha au asipoulizwa, madhara yanaweza kuwa makubwa. Anayesindikiza mgonjwa asiyeweza kusema hubeba jukumu la historia nzima, na mara nyingi hilo hugundulika pale anapoulizwa jina la dawa na kubaki kimya.

Mahakamani na kwenye fedha neno hili lina ukali wake. Mshtakiwa akishatiwa hatiani, kabla ya adhabu hakimu huuliza upande wa mashtaka kama una kumbukumbu za makosa yake ya nyuma. Mkosaji wa mara ya kwanza na mkosaji wa mara ya nne hawatazamwi kwa jicho moja, ingawa kosa lililo mbele ya mahakama linaweza kuwa la aina moja. Wakopeshaji nao hutazama historia ya mkopaji: alikopa wapi, alilipa kwa wakati, alichelewa mara ngapi. Nchini Kenya kila mwenye simu anajua hofu ya kuorodheshwa CRB, yaani katika kumbukumbu za wasiolipa mikopo, na tangu huduma za fedha za simu zianze kukopesha, kiwango ambacho mtu anaruhusiwa kukopa hutegemea namna alivyotumia laini yake na alivyolipa mikopo iliyopita. Simu janja ina historia nyingine tena, orodha ya kurasa zilizofunguliwa, ambayo mwenye simu anaweza kuifuta kwa kubonyeza mara mbili. Ya CRB haifutiki kwa kidole.

Lakini historia ambayo watu wengi zaidi huisikia ikisomwa kwa sauti ni historia fupi ya marehemu. Katika misiba ya Wakristo nchini Tanzania, kabla ya jeneza kuelekea makaburini, ndugu mmoja husimama na karatasi. Husoma tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi, nafasi ya marehemu kati ya ndugu zake, ubatizo, shule, kazi alizofanya na vituo alivyohamishiwa, ndoa, watoto, wajukuu. Kisha hufuata historia ya ugonjwa: ulianza lini, alipelekwa hospitali gani, akahamishiwa wapi, akafariki saa ngapi. Nchini Kenya maandishi kama hayo huitwa wasifu, na mara nyingi huchapishwa katika kijitabu chenye picha.

Maandishi hayo yanastahili kutazamwa kwa heshima zaidi kuliko yanavyotazamwa, kwa sababu kwa watu wengi ndiyo historia pekee ya maisha yao itakayowahi kuandikwa. Huandaliwa usiku wa matanga na watu waliochoka, kwa kuulizana. Mwaka wa kuzaliwa wa bibi huenda haujulikani, ikabidi kutafutwa cheti cha ubatizo au kukisia kwa umri wa mdogo wake. Kila mstari una uzito wake. Nani anatajwa kuwa mke, watoto wangapi wanahesabiwa, aliyezaliwa nje ya ndoa anasomwa au anarukwa: hayo hujadiliwa kwa sauti ya chini kabla ya karatasi kupigwa chapa, kwa kuwa wanaosikiliza ndio watakaokaa katika kikao cha ukoo kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Kilichorukwa hakikuacha kutokea. Mtoto ambaye jina lake halikusomwa bado ni mtoto, na kila aliyepo msibani anayemfahamu anajua hivyo. Hapa tofauti kati ya tukio na habari ya tukio inakuwa jambo la haki ya mtu.

Ardhi nayo huamuliwa kwa historia. Katika vijiji ambako hati ni chache, mgogoro wa mpaka ukifika baraza la ardhi la kijiji, wazee huitwa waeleze nani alifyeka pori lile, nani alipanda miembe, makaburi yaliyo kando ni ya akina nani. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, masale yaliyopandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, hushuhudia makubaliano ya vizazi vilivyotangulia. Pwani, minazi hufanya kazi kama hiyo. Tarehe ni muhimu sana katika mashauri haya, kwa kuwa sheria za Tanzania na Kenya huweka ukomo wa miaka 12 kwa mtu kudai mahakamani ardhi iliyo mikononi mwa mwingine. Mzee asiyekumbuka mwaka hukumbuka tukio: kabla ya Operesheni Vijiji, mwaka wa vita vya Idi Amin, baada ya mvua za El Niño. Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ilikuwa katikati ya miaka ya 1970, vita hivyo vya Amin, yaani vya Kagera, vilipiganwa mwaka 1978 na 1979, El Niño ilinyesha mwaka 1997 na 1998. Kwa njia hiyo kumbukumbu ya mtu asiyejua kusoma hupata mwaka wake. Makarani wa sensa hutumia kalenda ya matukio namna hiyohiyo kukadiria umri wa watu wasio na cheti cha kuzaliwa.

Katika michezo na siasa neno hili hupanda cheo. Timu huweka historia, mgombea huandika historia, uwanja huingia katika historia. Hapo historia humaanisha yale yanayostahili kukumbukwa, na sehemu kubwa ya yaliyotokea huachwa nje. Watangazaji hulitumia kwa ukarimu mno. Timu ikishinda mechi tatu ugenini tayari imeweka historia. Neno hilo lilikuwa na haki yake huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, pale Filbert Bayi wa Tanzania alipoongoza mbio za mita 1500 tangu mlio wa bastola na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Siku hiyo rekodi na historia vilikwenda pamoja. Haviendi pamoja kila mara. Tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, binadamu wa kwanza kushuka chini ya saa mbili. Shirikisho la riadha duniani halikuutambua muda huo kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi na wakimbiaji wa kumsaidia kasi walipokezana njiani. Rekodi ni mali ya chama kinachosimamia mchezo na kanuni zake. Historia ni pana kuliko hapo, na hakuna aliyeona mbio zile anayesubiri cheti ndipo azikumbuke.

Neno hilohilo likigeuzwa kidogo hushusha badala ya kupandisha. Meli iliyoacha kusafiri, kiwanda kilichofungwa, ndoa iliyovunjika, vyote husemwa kwamba vimebaki historia, yaani vimekwisha na havina nguvu tena. Na mtu anapoambiwa kwamba ana historia, bila kuongezwa neno jingine, kwa kawaida si sifa.

Matumizi yaliyodhuru zaidi kuliko yote yalikuwa ya wasomi. Kwa muda mrefu vyuo vya Ulaya vilishikilia kwamba historia huanza na maandishi, na yote yaliyotangulia ni kabla ya historia. Kwa kipimo hicho nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, na fuvu la Zinjanthropus alilolikuta Mary Leakey bonde la Olduvai mwaka 1959, viko nje ya historia. Hilo bado ni suala la istilahi tu. Lakini kipimo kilivutwa mpaka kwa watu walio hai. Mwanafalsafa Georg Wilhelm Friedrich Hegel, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1837 baada ya kifo chake, aliiweka Afrika nje ya historia ya dunia. Mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, bado aliweza kutamka hadharani kwamba barani Afrika kuna historia ya Wazungu tu, na mengine ni giza. Neno lilikuwa limegeuzwa kuwa lango, na aliyekosa karatasi alikaa nje.

Wakati huohuo lango hilo lilikuwa linabomolewa Afrika yenyewe. Bethwell Ogot wa Kenya alikuwa akikusanya masimulizi ya Wajaluo, kazi iliyotoka kama kitabu mwaka 1967. Idara ya historia ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1964, na huko Isaria Kimambo akajenga historia ya Wapare kutokana na masimulizi ya koo zao. Kazi yao ilionyesha kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo halali cha historia, mradi yapimwe kwa ukali uleule unaopimwa hati: nani anasimulia, aliyapata kwa nani, ananufaika na nini, na ukoo wa jirani unasema nini juu ya jambo hilohilo.

Mfano mzuri wa faida yake ni Vita vya Majimaji. Vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, wanakijiji wa Nandete walipong'oa pamba ya shamba walilolazimishwa kulilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo, na vita vikaenea kusini yote mpaka mwaka 1907. Kumbukumbu za Wajerumani ziliviita uasi. Ndani yake zimo tarehe, majina ya maofisa na idadi ya risasi, lakini hazisemi shamba la pamba lilikuwaje kwa aliyeshika jembe. Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam, katika mradi ulioongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa vijana wakati wa vita. Wazee wakaeleza viboko vya akida, wakala wa serikali ya kikoloni, kazi isiyolipwa, na mashamba yao wenyewe yaliyokosa mlimaji. Hata hesabu ya waliokufa ilibadilika. Makadirio ya upande wa Wajerumani yalitaja watu 75,000. Gwassa, akihesabu pia njaa iliyofuata baada ya vyakula kuchomwa makusudi, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Leo Kiswahili kinasema vita, na badiliko hilo la neno moja limebeba kazi ya miaka mingi.

Namna vyanzo mbalimbali vinavyosaidiana na kupingana huonekana vizuri zaidi Kilwa Kisiwani. Kisiwa hicho kilitajirika kwa kupitisha dhahabu ya Sofala kuelekea bahari ya Hindi. Msafiri Ibn Battuta alikifikia mwaka 1331, na Wareno wakakiteka mwaka 1505. Kina historia yake ya maandishi, kitabu cha Kiarabu kilichotungwa katika karne ya 16, ambacho nakala yake ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877 na leo iko London. Mtungaji aliahidi sura kumi, lakini nakala inakatika kwenye ya saba. João de Barros wa Ureno naye aliingiza habari za wafalme wa Kilwa katika kitabu alichochapisha mwaka 1552. Wote wawili wanasema mwanzilishi wa ufalme ni Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shiraz kwa merikebu na kukinunua kisiwa kwa nguo. Katika maandishi ya Kiarabu, nguo hizo zilitosha kukizunguka kisiwa chote. Barros anaongeza kwamba mama yake Ali alikuwa Mhabeshi, na ndugu zake walimdharau kwa ajili hiyo.

Simulizi hilo halikuandikwa bila sababu. Lilitungwa wakati Wareno walikuwa wameuvuruga utawala wa Kilwa na haki ya kutawala ilikuwa ikigombaniwa. Kukinunua kisiwa kwa nguo ni hati ya umiliki iliyowekwa katika umbo la hadithi: hakikuporwa, kililipiwa. Hata hivyo mtungaji hakuficha kila kitu. Anasema wageni walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu na jamaa zake, pamoja na msikiti. Kwa maneno mengine, mji na dini vilitangulia nasaba ya watawala.

Wasomi waliofuata maandishi hayo walimweka Ali karibu na karne ya 10. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa na kutoa taarifa yake mwaka 1974, alionyesha kwamba watu walikwishaishi hapo muda mrefu katika nyumba za miti na udongo, wakifinyanga vyungu na kufua chuma, na akamsogeza Ali mbele mpaka mwishoni mwa karne ya 12. Halafu mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zikafukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani, akiwemo Ali bin al-Hasan, zikiwa zimezikwa pamoja na dinari za dhahabu za kigeni ambazo miaka yake inajulikana. Ali akarudi nyuma hadi karne ya 11. Chittick hakuwa mzembe. Alisoma kwa uaminifu ushahidi aliokuwa nao, na ushahidi ukaongezeka.

Machi 2023 uliongezeka tena, safari hii kutoka mifupani. Watafiti, miongoni mwao mwanaakiolojia wa Kenya Chapurukha Kusimba, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, ikiwemo Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Wengi wao walikuwa na asili ya Afrika, hasa upande wa akina mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, upande wa akina baba. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Hadithi ya Washirazi, yaani ya watawala waliotoka Shiraz, ambayo wasomi wengi walikwisha kuiona kuwa ni fahari tupu ya watawala, ikawa na kiini cha kweli, huku wanawake wa Kiafrika, ambao hadithi haikuwapa nafasi yao, wakionekana kuwa nusu ya msingi wa miji hiyo au zaidi. Tahadhari inahitajika bado. Makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye uwezo, yaliyo karibu na misikiti, na mvuvi au mkulima wa nje ya mji hakuzikwa hapo.

Shuleni neno historia ni jina la somo, na somo hilo limebadilishwa sura mara nyingi. Katika shule za msingi za Tanzania lilikuwa kwa miaka mingi sehemu ya Maarifa ya Jamii, pamoja na jiografia na uraia. Sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, ambako masomo mengi bado hufundishwa kwa Kiingereza. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kwenda kumhoji babu yake na kuandika jibu kwa lugha ileile aliyojibiwa. Kuliunganisha na maadili kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu maadili hutafuta mifano ya kuigwa, ilhali historia lazima iwaeleze pia wale ambao hakuna wa kuwaiga.

Vitabu vya somo hilo huanza kwa kutaja vyanzo vya historia: masimulizi ya mdomo, nyaraka, akiolojia, maeneo ya kihistoria, makumbusho, na isimu, yaani elimu ya lugha. Chanzo hiki cha mwisho hupewa mistari michache tu, ingawa mwanafunzi anacho mdomoni. Meza, leso, bendera na gereza vimetoka kwa Wareno, waliotawala pwani kwa karibu miaka 200, na gereza lilianzia kwenye neno lao la kanisa. Shule imetoka kwa Wajerumani. Kutoka kwao pia imetoka hela, sarafu ndogo waliyoanza kuitumia Afrika Mashariki mwaka 1904, mia moja kwa rupia; sarafu yenyewe iliondolewa pamoja na utawala wao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, lakini nchini Tanzania hela ndilo jina ambalo muuzaji na mnunuzi huitia fedha mpaka leo.